Mhariri Aliyehamia Ikulu

Vijana wa Pasua, hapa Moshi, wanamjua Benjamin Mkapa kama uwanja wa mpira. Simba ikiwa na mechi na wageni wa kutoka Misri au Afrika Kusini, vijiwe vyote vya sokoni huitikia "Kwa Mkapa hatoki mtu", na wengi wa wanaoitikia walizaliwa mwenye jina akiwa ameshaondoka Ikulu. Kijana mmoja wa bodaboda, anayeegesha karibu na genge ninaponunua ndizi, aliniuliza kwa heshima zote: "Shikamoo Meku. Eti huyo Mkapa alichezea timu gani?" Nikamwambia alikuwa mhariri wa magazeti. Akatabasamu kama mtu anayetaniwa na babu yake. Abiria akatokea, akawasha pikipiki akaenda zake.

Simlaumu. Uwanja ule ulibandikwa jina hilo mwaka 2020, siku chache baada ya mzee kufariki, na jina likishapanda juu ya geti, mwenyewe huanza kusahaulika. Ila inaniuma kwamba tumekumbuka saruji tukasahau karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo iliyomlea Mkapa, na kwa sehemu kubwa ndiyo iliyotulea sisi.

Alizaliwa Novemba 12, 1938, Ndanda, kule kusini karibu na Masasi. Akapita kwa wamisionari, akasoma Pugu, akaenda Makerere alikohitimu mwaka 1962 akiwa amesoma Kiingereza, kisha Chuo Kikuu cha Columbia kule New York. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere akamkabidhi magazeti ya chama: The Nationalist la Kiingereza na Uhuru la Kiswahili. Hakuwa ametimiza miaka thelathini. Mwaka uliofuata, Februari 5, likatangazwa Azimio la Arusha, mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa kwetu, na kazi ya kulieleza kwa taifa ikamwangukia mhariri huyo kijana. Benki zilitaifishwa na NBC ikaundwa, mashamba makubwa na viwanda vikaingia mikononi mwa umma. Kila asubuhi ilibidi mtu akae mezani aandike kwa nini.

Baba yangu alikuwa mkata miwa katika shamba la TPC. Kusoma alikuja kujifunza ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na kabla ya hapo macho yake yalikuwa mimi. Uhuru lilifika Pasua limeshachelewa, mara nyingi limekunjwa mfukoni mwa mtu aliyetoka mjini, kingo zimelowa jasho. Nilimsomea chini ya mwarobaini jioni, yeye akiwa amevua viatu vya shambani, vidole vyake vyeusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa. Habari za mpira hakuzitaka. Alitaka tahariri. Nikifika mwisho wa aya alinyanyua mkono nisubiri, akalitafuna lile neno kichwani, kisha akaniambia, "Endelea, lakini rudia hapo aliposema kwa nini." Tahariri haina jina la mwandishi. Baba aliamini ni serikali yenyewe inaongea naye. Mimi nilikuja kuelewa baadaye kwamba nyuma ya zile aya palikuwa na chumba cha habari, na mkuu wa chumba hicho alikuwa mtu wa kutoka Ndanda.

Tusijidanganye kwamba lilikuwa gazeti huru. Lilikuwa gazeti la chama, na chama kilikuwa kimoja. Lakini lilichukulia kwamba mkata miwa anastahili kupewa sababu, na hilo halikuwa dogo. Aprili 1972 The Nationalist liliunganishwa na The Standard, gazeti lililotaifishwa miaka miwili nyuma, likazaliwa Daily News, na Mkapa ndiye aliyewekwa kuliongoza. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais. Mwaka 1976 ikaanzishwa Shihata, Shirika la Habari Tanzania, akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka mmoja baadaye Mwalimu akamfanya Waziri wa Mambo ya Nje, na tangu hapo dawati la uhariri halikumwona tena. Akawa balozi Canada na Marekani, akarudi Mambo ya Nje, akashika wizara ya habari, akashika ya elimu ya juu.

Halafu ukaja mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa Rais, na mtu wa Moshi akiutaja mwaka huo hushusha sauti kidogo.

Mgombea wetu alikuwa Augustino Mrema, mtoto wa Kiraracha kule Vunjo, waziri wa mambo ya ndani aliyewapa wabadhirifu siku saba na nchi nzima ikahesabu naye. Alipotoka serikalini akaingia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi, mji ulipagawa. Watu walizima injini ya gari lake wakalisukuma kwa mikono, wazee na akina mama wakiwemo, na vumbi la Pasua lilipanda hadi juu ya mabati. Upande wa pili, kwa CCM, alisimama huyu mtu wa vitabu, mnene wa maneno, asiye na kundi wala ukwasi, na Mwalimu akizunguka nchi kumnadi kwa hoja moja kubwa: kwamba ni msafi. Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8, Mrema akapata 27.8. Huku kwetu tulimchagua wetu, na wabunge wa Kilimanjaro wakawa wengi wa NCCR. Jimbo la Moshi Mjini lilikaa nje ya CCM miaka ishirini na mitano mfululizo baada ya hapo.

Kwa hiyo Pasua haikumpa kura. Lakini Pasua ilimsikiliza, na hili nalikumbuka kuliko matokeo. Kila mwisho wa mwezi Mkapa alihutubia taifa kwa redio. Fundi cherehani wa pale sokoni alikuwa na redio ya mbao yenye sauti nzito, na siku ya hotuba alisimamisha cherehani ili tusikie. Watu waliomsukuma Mrema walikaa kwenye benchi lile lile wakimsikiliza aliyemshinda Mrema. Na ilikuwa hotuba hasa. Mwanzo, hoja, takwimu, pingamizi la msikilizaji limetajwa na kujibiwa, hitimisho. Mtu aliyezoea kuhariri kurasa hajifichi. Ungeweza kuzichapa zile hotuba asubuhi kama tahariri bila kuondoa neno. Alieleza kwa nini serikali inabana matumizi, deni la nje limefikia wapi, Mamlaka ya Mapato iliundwa kwa nini mwaka 1996, ada ya shule ya msingi inafutwa vipi. Tulibishana naye mpaka redio ikazimwa, na tukaendelea kubishana njiani. Baba alikuwa mzee wakati huo. Aliniambia, "Huyu anatoa sababu." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko kupendwa.

Kilichokosekana ni njia ya kurudi. Sisi tulimsikia, yeye hakutusikia, na wale ambao kazi yao ilikuwa kumpelekea sauti zetu, waandishi wa habari, aliwaona kama wanafunzi wasiofanya kazi za nyumbani. Uvivu wa kufikiri, alituambia, na neno hilo likaenea nchini kama methali. Sikatai kwamba kulikuwa na uvivu. Lakini mwenye kujua chumba cha habari kinavyofanya kazi, mwenye kujua mwandishi wa wilayani anavyolipwa na anavyosafiri kwa lori la mizigo kufuata habari, alikuwa na deni la uvumilivu kuliko Rais mwingine yeyote.

Meza ya magazeti ya Pasua ilistawi miaka hiyo hiyo. Kipindi cha ujana wangu yalikuwa Uhuru na Daily News, basi. Sasa yakaja Majira, Nipashe, Mtanzania, Rai, na Mwananchi mwaka 2000. Mabasi ya Dar yalishusha mafungu stendi mchana, yamefungwa kamba ya katani, na kijana wa meza aliyabeba kichwani hadi huku. Aliyapanga kwa safu na kuweka jiwe dogo juu ya kila moja kwa ajili ya upepo. Asiye na hela alisoma vichwa vya habari akiwa amesimama, mikono nyuma, na sheria ya meza ilikuwa hakuna kufunua ukurasa. Nakala moja ikinunuliwa ilisomwa na watu kumi, ikaishia kufungia nyama buchani au vitumbua kwa mama ntilie, na hata hapo ungemwona mtu anakunjua karatasi yenye mafuta amalizie makala. Rai lilikuwa la Alhamisi. Kuna watu walipanga safari zao kwa Rai.

Mwaka 2001 serikali ya Mkapa ikatangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mmoja wa waasisi wa Rai, mtu aliyekuwa mbunge na mkuu wa wilaya wa nchi hii, si raia. Nilisoma habari ile nimesimama pale mezani, na nakumbuka namna watu walivyonyamaza, jambo lisilo la kawaida sokoni. Uraia wake ulikuja kupatikana tena baadaye. Lakini siku ile, kila aliyepata kutuma barua kwa mhariri wa gazeti lolote alijitazama mara mbili. Na Shihata, shirika aliloliasisi mwenyewe, lilivunjwa yeye akiwa Ikulu. Na Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa kalamu tu, ilimkuta Ikulu ikamwacha Ikulu. Ilidumu hadi 2016. Hapa ndipo ninapomdai. Hakuna Rais aliyeijua sheria ile kutoka pande zote mbili za meza kama yeye, kama mwanahabari, kama waziri wa habari, kama Amiri Jeshi Mkuu, na hakuigusa.

Kuna nchi moja ya baridi ambayo historia yake hunijia kila ninapomfikiria. Mwaka 2002 Shirika la Kazi Duniani liliunda tume ya kuchunguza utandawazi unamfanyia nini mtu wa kawaida, na wenyeviti wake wakawa wawili: Mkapa na Tarja Halonen, Rais wa Finland. Ripoti yao ilitoka Februari 2004. Sasa, Finland hiyo ilijengwa kwa sehemu kubwa na mhariri. Johan Vilhelm Snellman, mwanafalsafa na mwalimu mkuu wa shule katika mji mdogo wa Kuopio, alianzisha mwaka 1844 gazeti liitwalo Saima. Humo alishikilia kwamba wasomi wa nchi yake, ambao walizungumza Kiswidi, lazima wahamie kwenye Kifini, lugha ya wakulima, la sivyo hapatakuwa na taifa. Aliandika hayo kwa Kiswidi, kwa kuwa ndicho wasomi walichosoma. Wakubwa wakalifunga gazeti mwaka 1846. Akafundisha, akawa profesa wa falsafa Helsinki, kisha mwaka 1863 akaingia katika Seneti, ndiyo serikali yao ya wakati ule chini ya Urusi. Mwaka ule ule ikatoka amri ya mfalme kwamba ndani ya miaka ishirini Kifini kiwe sawa na Kiswidi maofisini na mahakamani. Kile alichokidai akiwa mhariri alikifuata akiwa mtawala. Najua Finland si Tanganyika na karne ya kumi na tisa si yetu. Ila nawaza wale wenyeviti wawili mezani, na natamani mmoja angemsimulia mwenziwe habari za Snellman wakati wa chai.

Haki yake nimpe pia, tena kwa ukamilifu. Viwanda ambavyo magazeti yake ya ujana yalivishangilia vikitaifishwa, serikali yake ndiyo iliyovibinafsisha. Hapa Moshi tuna ushahidi wa pande zote mbili. Watu wa Pasua waliofanya kazi kiwanda cha magunia na kile cha ngozi wanajua maana ya geti lililofungwa kwa mnyororo na kiinua mgongo kisichomaliza hata msingi wa nyumba. Jirani yangu mmoja alibaki na kitambulisho cha kazi ukutani miaka mingi, picha yake ikipauka kwa jua la dirishani. Lakini shuka barabara ya kusini uende TPC. Shamba lile walilianzisha Wadenishi miaka ya 1930, likaja kuwa la serikali, na kufikia mwisho wa miaka ya tisini lilikuwa likizalisha chini ya tani 40,000 za sukari kwa mwaka. Mwaka 2000 wawekezaji wenye asili ya Mauritius walichukua asilimia 75 ya hisa, serikali ikabaki na 25, na leo uzalishaji umepita tani 100,000. Malori ya miwa yanapita usiku na mchana. Baba hakuyaona mavuno haya. Angeyapenda, halafu angeniuliza kwa nini kiwanda cha magunia hakikupata bahati hiyo, na ningekosa cha kumsomea.

Wala sikusahau asubuhi ya Oktoba 14, 1999, Mkapa alipojitokeza mwenyewe kutangaza kwamba Mwalimu amefariki London. Sauti yake ilikatika. Fundi cherehani aliweka mkono juu ya redio, kama unavyomgusa mtu begani.

Na kuna Pemba. Januari 26 na 27, 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji Zanzibar, makumi wakafa, na Watanzania kwa mara ya kwanza wakawa wakimbizi, wakivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Mkapa alikuwa nje ya nchi siku hizo, lakini yeye ndiye alikuwa Rais. Miaka ilipita bila kusikia kutoka kwake neno lililokuwa na uzito wa jambo lenyewe. Likaja mwishoni, kwenye kitabu chake, My Life, My Purpose, kilichozinduliwa Dar es Salaam Novemba 12, 2019, siku aliyotimiza miaka 81. Humo alikiri kwamba mauaji yale yalitia doa urais wake na kwamba anaendelea kuyajutia. Aligusia pia ubinafsishaji, mahali ulipokwenda vizuri na ulipokwenda vibaya. Niliazima nakala kwa mwalimu mmoja wa sekondari, nikaisoma na kamusi mezani, na nikaitambua ile kalamu ya jioni za mwarobaini. Hoja, sababu, pingamizi, jibu. Alikuwa amerudi kuwa mhariri, na safari hii habari aliyoihariri ilikuwa yeye mwenyewe.

Ila aliihariri kwa Kiingereza, kwenye kitabu ambacho bei yake ni chakula cha siku kadhaa katika nyumba nyingi za hapa. Zile hotuba za mwezi alitupa kwa Kiswahili chetu, tukiwa tumekaa bure kwenye benchi. Majuto aliyaweka kwenye rafu ya juu. Sisemi alikusudia. Nasema ndivyo ilivyotokea, na watu waliostahili kuyasoma kwanza, wa Wete na Micheweni kule Pemba, wa kiwanda cha magunia, wengi wao hawakuyasoma.

Meza ya magazeti ya sokoni haipo tena. Pale iliposimama anakaa kijana wa kusajili laini za simu, mwavuli wake una rangi za kampuni. Asubuhi watu husikiliza vichwa vya habari vikisomwa kwenye simu, mtangazaji akionyesha kurasa za mbele moja moja, na baada ya hapo hakuna anayelitafuta gazeti lenyewe, kwa hiyo habari huishia kwenye kichwa chake. Sheria mpya ya mwaka 2016 ilikuja, uwezo wa kufungia ukabaki. Agosti 2021 Uhuru lenyewe, gazeti la chama tawala, lile lile alilolihariri Mkapa, lilisimamishwa siku 14 kwa habari iliyomhusu Rais. Siku hizo mzee alikuwa kaburini kwao Lupaso mwaka mzima na zaidi. Ningetoa kitu kusikia tahariri ambayo angeiandika.

Kitabu kilitoka Novemba, akafariki Julai 24 iliyofuata. Miezi minane, na nusu yake ni ya korona. Muda huo haukutosha wasomaji kumjibu. Mimi nilikuwa na barua yangu kwa mhariri, imeandikwa kwa mkono, kurasa mbili, ya Kiswahili. Nilimuuliza kwa nini sheria ya 1976 aliiacha. Nilimuuliza kama aliwahi kufikiri kutoa ile sura ya Pemba kwenye magazeti, kwa awamu, kwa Kiswahili, jinsi Uhuru lilivyokuwa likichapisha hotuba za Mwalimu. Na nilimuuliza, kwa niaba ya baba, ni nani hasa aliyekuwa akiandika zile tahariri za 1967.